Mjomba Talib Atafuta Gari la Kuvuta Karavani

Mjomba wangu Talib ni dereva wa basi hapa Landani, na watu wengi wa Woolwich wanaujua ubavu wake kuliko uso wake. Anapita na basi jekundu, unampungia, naye anakuinulia kidole kimoja, maana vingine vina kazi. Kwao Wete alikuwa mtu wa baiskeli. Aliondoka bado kijana, mwaka ule wa machafuko, akafika huku akaosha sahani, akasukuma vitanda hospitali, mwisho akapata leseni ya basi. Gari lake mwenyewe hajapata kuwa nalo. Ukimuuliza anakujibu, "Nina gari la ghorofa mbili, abiria tele, nitake jengine la nini?"

Lakini mimi nikipanda basi lake hukaa kiti cha mbele, na namwona. Taa ikiwa nyekundu na pembeni likasimama gari zuri, refu, linalong'aa, Mjomba hulitupia jicho kama mtu anayetazama sahani ya biriani ya meza ya jirani. Halafu taa inageuka, anameza mate, anaendesha.

Nyumbani tuko saba. Kuna Mjomba, mkewe Haifa, mtoto wao mkubwa Mahir, na mapacha wawili wadogo ambao hawajawahi kukaa kimya wakati mmoja. Niko mimi, mtoto wa dada yake, niliyeletwa kutoka Pemba ili mkono wa kuwashika mapacha upatikane. Na yuko Bi Time, mama yake Mjomba, bibi yangu, ambaye ndiye sababu ya habari hii yote.

Kila kiangazi sisi huenda pwani ya Kent siku moja kwa treni, asubuhi kwenda na jioni kurudi, na Bi Time hubaki. Treni inamtikisa. Tukisema tulale huko hotelini ili asichoke, ana maswali matatu na hakuna aliyewahi kuyajibu. Kitanda cha hoteli kimelaliwa na nani? Sufuria ya hoteli imepikiwa nini? Na chooni, kopo la maji liko wapi?

Mwaka huu miguu ikamvimba. Muuguzi wa kliniki akamwambia aiweke katika maji ya vuguvugu yenye chumvi. Haifa akamwekea beseni la kijani. Bi Time akatia miguu, akakaa, akalitazama beseni muda mrefu, kisha akasema, "Hii nayo bahari."

Mjomba alikuwa anakunywa chai. Akakiweka kikombe chini.

Wiki iliyofuata akanunua karavani kwa Harjit, dereva mwenzake wa gereji ya mabasi, ambaye mkewe alikwisha kuichoka. Ni nyumba ndogo ya magurudumu: ina jiko lake, vitanda vyake, choo chake, na madirisha mengi kuliko yetu ya Woolwich. Isipokuwa haina injini. Inataka gari la kuivuta. Na gari lenyewe lilikuwa la haraka, kwa sababu likizo za madereva hupangwa na gereji, huchagui. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, yake Mjomba iliangukia Agosti, watoto wakiwa hawana shule. Mwakani iko Februari, na Februari hakuna anayetia mguu baharini ila mwenye ugomvi na mguu wake.

Bi Time alipelekwa kuitazama karavani, huko Plumstead, mtaa wa jirani, ilikowekwa. Alipofika mlangoni akapiga hodi, na ndani hamna mtu. Akaingia, akafungua kabati, akabonyeza godoro, akachungulia chooni, akatoka.

"Nyumba si mbaya," akasema. "Lakini mimi siendi."

"Mama, si ndiyo tumeinunua kwa ajili yako!"

"Nani alikutuma? Mimi nasema hivi. Wanaokwenda, waende gari moja. Watu wa nyumba moja wakigawana magari, hayo ni maziko au harusi. Na liwe gari la kuingia, si la kuparamia. Siwezi kufunua miguu mbele za watu wa Plumstead."

Haifa akacheka. "Mama, kama huendi, masharti ya nini?"

"Nasema tu."

Basi Mjomba akatangaza kwenye kundi la simu la ukoo kwamba anatafuta gari. Kosa hilo. Kwetu gari halichaguliwi na mtu mmoja, kama mchumba. Kaka yake wa Wete akamshauri achukue la Kijapani jeupe, la hybrid, la petroli na umeme, kwa sababu fundi wake wa Wete analijua vizuri, kama kwamba gari likiharibika Woolwich litapelekwa kwa fundi wa Wete. Binamu wa Dubai akaleta picha ya gari lake mwenyewe, yeye akiwa ameliegemea. Shangazi mmoja akauliza karavani ni nini. Alipoelezwa akasikitika sana, akaomba Mungu awajaalie siku moja wapate nyumba isiyotembea.

Yadi tuliyokwenda ni ya Gurmit, shemeji yake Harjit, huko Plumstead, na karavani yenyewe ilikuwa imewekwa hapo hapo. Gurmit ni Singasinga mzee wa Kisumu, ndevu nyeupe, kilemba cha rangi ya mdalasini, na Kiswahili chake ni cha Kisumu hasa. Kabla hatujateremka kwenye basi Haifa alitupanga.

"Sikilizeni. Hapa tunakwenda kununua. Atakayetabasamu leo hali chakula cha mchana."

Mahir akauliza kwa Kiingereza chake, je, gari likiwa zuri kweli?

"Likiwa zuri ndiyo unune zaidi."

Bi Time akatikisa kichwa kwa kuridhika. Yeye ndiye mwalimu wa elimu hiyo. Pale sokoni Woolwich huitukana bamia mpaka mwenye bamia anaona haya kuiuza.

Gurmit akatupokea. "Karibuni, karibuni. Shikamoo mama."

Bi Time akamtazama kuanzia kilemba hadi viatu. "Unaniamkia mimi? Wewe na mimi nani mkubwa?"

"Ndevu inadanganya, mama."

"Inadanganya kweli. Haya, marahaba. Tuonyeshe hayo makopo yako."

Kabla ya kuonyesha kitu, Gurmit akamvuta Mjomba kando, lakini sauti yake haina kando, tulisikia sote. "Sikiza, bwana Talib. Watu wanakuja hapa wanaangalia rangi. Wewe usiangalie rangi. Gari ni mama, karavani ni mtoto mgongoni. Mtoto akiwa mzito kuliko mama, kwa mteremko ni mtoto atabeba mama. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Hakuwa amemwelewa, kwa sababu macho yake yalikwisha kwenda. Mstari wa mbele palikuwa na gari refu la buluu, limelala chini, ubavu unameremeta kama nguru aliyetoka majini sasa hivi. Mjomba akalizunguka. Akaweka kiganja kwenye boneti, taratibu, kama anayempima mtoto homa. Haifa akakohoa. Akaondoa kiganja.

"Hii inavuta," Gurmit akasema. "Injini nzuri, imetunzwa, hata chuma ya kuvutia iko tayari hapa nyuma."

"Viti?" akauliza Bi Time.

"Tano, mama."

"Sisi saba."

"Mapacha si wanaweza kukaa kwenye karavani?" Mjomba akajaribu.

"Wapi! Karavani ikitembea hakai mtu. Hata paka."

Tukaenda la pili, jeusi, refu juu, viti saba, matairi kama ya trekta. Gurmit akasema hili linaweza kuvuta karavani na jirani yake. Shida ilikuwa kumpandisha Bi Time. Haifa alikaa nyuma kusukuma, mimi chini nimelishika buibui lisipande, Mahir ndani anavuta mkono. Goti moja likafika kwenye kiti. La pili likakataa.

"Msinisukume! Mimi si godoro!"

"Mama, kidogo tu."

"Kidogo wapi, nimekwama! Gurmit, geuka huko!"

"Nimegeuka, mama, nimegeuka zamani."

Alipokwisha kushushwa, buibui likawekwa sawa, akasema, "Hilo si gari, hilo ni dari."

Mjomba akasema tutanunua stuli. Bi Time akamuuliza kama anataka kila tukisimama njiani yeye apande stuli kama fundi wa taa. Na Gurmit, ambaye hakulazimishwa, akaongeza kuwa hii ni dizeli ya zamani, kila siku ukiiwasha ndani ya Landani unalipia moshi wake. Hapo Haifa hakuhitaji kuambiwa anune.

La tatu lilikuwa lile lile la kaka wa Wete. Jeupe, la Kijapani, hybrid, viti saba. Landani nzima teksi ni hizo. Bi Time akaingia bila taabu, akakaa, mkoba magotini, uso wa msibani. Mjomba akapiga picha kuituma kwenye kundi.

"Usitume," Gurmit akasema. "Hii ni ya kubeba watu, si ya kuvuta. Uzito inaruhusiwa kuvuta imeandikwa, na karavani yako imezidi. Naweza kukuuzia sasa hivi, unaenda zako. Halafu siku ya safari napita kwa kilima nakuona umesimama unalia."

Bi Time akateremka. Mapacha wakaanza kupigania chupa ya maji. Mjomba akasimama katikati ya yadi, mikono kiunoni, akatazama kushoto, akatazama kulia, na miguu yake ikampeleka yenyewe kwenye lile la buluu.

"Mama," akasema, bila kumtazama. "Wewe mwenyewe si umesema huendi?"

"Nimesema."

"Huna hamu."

"Mimi nyumbani kwangu nina shida gani?"

"Basi." Akaninyooshea kidevu. "Huyu atabaki na wewe, mpate kuwa pamoja. Sisi wengine tuko watano. Viti vitano."

Hesabu ilikuwa sawa. Haifa akataka kusema kitu, akatazama mapacha, akainama kuwanyang'anya ile chupa ya maji. Bi Time akaurekebisha mkoba wake begani. Akasema, "Safari njema," na akageuka kutazama ukuta wa yadi, ambao haukuwa na chochote cha kutazamwa.

Gurmit hakuwa na haraka ya kuandikiana. "Kwanza tuifunge karavani tuone inakaa vipi nyuma ya hii."

Wakaenda wawili hao kwenye karavani, nasi nyuma yao. Karavani ina pua, chuma kirefu cha mbele kinachokwenda kukalia mpira wa chuma ulioko nyuma ya gari. Gurmit akaishika pua ile kwa mikono miwili, akajikaza kama mtu anayejua uzito wake, akainua. Ikapanda juu yenyewe kama kifuniko cha chungu. Kidogo aanguke.

"Talib! Umeweka nini nyuma?"

"Sijaweka kitu. Iko tupu."

"Tupu haiwezi kuwa hivi. Mbele nyepesi, nyuma nzito. Ukiingia barabara kubwa na hii, mkia itaanza kucheza, na nyinyi wote mtacheza nayo."

Mjomba akaingia ndani. Tulimsikia akifungua makabati, kisha akainua kitanda cha nyuma kabisa, mahali ambapo mtu huficha asichotaka kionekane. Halafu akaanza kutoa vitu na kuvipanga mlangoni, kimoja kimoja.

Kinu na mchi wake. Mbuzi ya kukunia nazi. Gunia la mchele. Chungu cha kupikia mchuzi, na ndani yake nazi tatu zimevikwa taulo zisigongane. Jiwe la kusagia. Birika. Mkeka. Kopo la chooni, jipya, bado lina karatasi ya dukani. Na juu ya vyote, doti ya kanga iliyokunjwa vizuri, ambayo hata kutoka pale tuliposimama ilinukia udi.

Ndipo nikaelewa habari ya mapazia. Maana tangu karavani inunuliwe, Bi Time alikuwa akimwomba Haifa amlete kupima mapazia, na alikwisha kuja kupima mapazia mara nyingi kuliko madirisha. Kila mara na kikapu kizito kilichofunikwa. Haifa alidhani ni vitambaa.

Tukamgeukia.

"Mnanitazama nini?" akasema Bi Time. "Huko mtatwangia nini, viwiko?"

"Na kanga, mama?" Mjomba akauliza.

"Za kufutia vyombo."

"Hii haijavaliwa hata mara moja," Haifa akasema taratibu. "Za kufutia vyombo unazifukiza udi?"

Bi Time akaangalia juu, kama anayetafuta mvua. Gurmit akawa ghafla ana shughuli na ndevu zake.

Mjomba alikaa kwenye kizingiti cha karavani, kopo mkononi. Akaligeuza, akalitazama chini, akalitazama juu. Nilidhani atasema jambo kubwa. Akalirudisha ndani, akajifuta mikono kwenye suruali, na akamuuliza Gurmit, "Lile la kijivu kule nyuma. Lina viti vingapi?"

"Nane. Leo umepita hapo mara mbili umeangalia pembeni."

Kwa nini aliangalia pembeni, ukiliona huulizi. Lilikuwa kubwa la pembe nne kama boksi la friji, na zamani lilibeba wasafiri kwenda uwanja wa ndege. Mlango wake wa ubavuni ni wa kuteleza. Mapacha wakapiga kelele kwa pamoja, "Basi! Basi la Baba!"

"Mwaka mzima naendesha basi," Mjomba akasema kwa sauti ndogo. "Likizo nikaendeshe basi."

"Tena hili halina hata ghorofa," Haifa akamwambia. "Wamekushusha cheo."

Gurmit hakucheka. Akaeleza: hii ni nzito, karavani kwake ni mtoto kweli. Dizeli, lakini mpya ya kutosha, haidaiwi moshi. Inaruhusiwa kuvuta. Kisha akabonyeza kitufe cha ufunguo, mlango ukateleza wenyewe ukafunguka, polepole, bila mtu.

Bi Time akasogea. Akapima sakafu ya gari kwa macho. Akageuka, akakaa ukingoni, kama anavyokaa kitandani kwake. Na kabla hajaingiza miguu, akavua viatu. Akaviweka chini kwenye sementi, kimoja kando ya mwenzake, visigino vimeelekea gari. Ndipo akajivuta ndani kwa heshima zake, akaufikia ule upande wa dirisha, akaegemea.

Haifa akafumba macho.

Nikamtazama Gurmit, na Gurmit alikuwa anavitazama viatu. Mtu wa Kisumu, lakini kakulia mlango kwa mlango na Waswahili, na hakuhitaji Mswahili wa kumwambia nini maana ya viatu vilivyovuliwa mlangoni. Mzee akanyoosha kilemba chake.

"Haya bwana Talib, tuongee bei."

"Lina mkwaruzo huu hapa," Mjomba akaanza, amenuna kama alivyofunzwa.

"Uko."

"Limetembea sana."

"Sana."

"Na rangi yenyewe ya kijivu, kama sufuria."

"Kama sufuria."

"Basi punguza."

"Nitapunguza," Gurmit akasema. "Kwanza mwambie mama avae viatu."

Kutoka ndani sauti ikaja, ya mtu aliyejilaza. "Gari baya hili! Viti vigumu! Linanuka!"

"Basi shuka, mama, nikuonyeshe ingine."

"Nishuke na magoti haya?"

Hapo hata Haifa chakula cha mchana kilimponyoka. Alicheka mpaka akaushika ubavu wa gari, na mapacha wakacheka kwa sababu yeye anacheka, na biashara ikafia pale. Gurmit hakushusha hata peni. Ila aliona aibu kushinda kwa urahisi hivyo, akaenda ofisini kwake akarudi na vioo viwili vya pembeni vya kuongezea, vya kumwonyesha dereva karavani nyuma yake, akampa Mjomba bure, akasema ni vya mama.

Kinu, mchele na jiwe vikahamishwa katikati, juu ya magurudumu. Gurmit akainua pua tena, akaguna, akaridhika. Karavani ikafungwa nyuma ya lile la kijivu, na Mjomba akaambiwa azunguke nayo aijue kabla ya kuandikiana. Viatu vya Bi Time vikabaki pale kwenye sementi, kama rehani, maana hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke.

Tukatoka. Na hapo nikamwona Mjomba wangu jinsi alivyo. Watu huhangaika na karavani, wanapanda ukingo, wanakwangua nguzo. Yeye alikata kona ya kwanza kwa upana, mkia ukafuata bila kugusa kitu, kwa sababu miaka yote hii hajawahi kuendesha kitu kifupi. Vioo, ishara, mkono mmoja unazunguka usukani kama anayekoroga uji. Mabega yake yakashuka. Mbele kidogo akasogea kushoto, akapunguza mwendo, akasimama safi kabisa. Mama mmoja aliyekuwa na mifuko ya sokoni akainua mkono, akasogea mlangoni.

"Baba Mahir," Haifa akasema, "mbona tumesimama kituoni?"

Mjomba akatazama nje. "Mkono tu huo," akasema. "Umezoea." Akamwomba radhi yule mama kwa kidole, tukaondoka.

Bi Time alikuwa kiti cha nyuma yake, karibu na dirisha, miguu mitupu ameikunja chini ya buibui. Tulipofika mzunguko wa barabara, ambapo njia moja inarudi kwa Gurmit, akainama mbele.

"Talib."

"Naam, mama."

"Huko kwenye bahari ya Kent, maji hujaa asubuhi au jioni?"

Mjomba akamtazama kwenye kioo.

"Sijui, mama."

"Hujui? Mtu anapeleka watu baharini, hajui maji yanajaa lini? Tukifika yamekupwa, nitembee matopeni mpaka Ufaransa? Muulize mtu. Na uulize mapema, nijue nitoke saa ngapi."

"Nitauliza, mama."

"Uulize leo."

"Leo leo."

Njia ya kurudi kwa Gurmit ikafika. Mjomba hakuingia. Akaendelea na mzunguko, polepole, karavani inafuata nyuma, akazunguka mara ya pili, abiria wake asishuke upesi.